Nani Ameua Kompyuta ya Mama?

Kemilembe hakuwa mtoto wa kutulia. Akimenya ndizi za chakula cha jioni, mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika. Akifagia ua, alianza upande huu, akarukia ule, mpaka kuku wakawa hawajui wakimbilie wapi. Binamu yake Noela alikuwa tofauti kabisa. Yeye alimenya ndizi moja baada ya nyingine, akaziosha, akazipanga kwenye sufuria, ndipo akanyanyuka.

Wasichana hao wawili walisoma darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Kituntu, wilayani Karagwe. Kwao Noela kulikuwa Kibingo, upande wa Kyerwa. Baba yake, mzee Byabato, alinunua na kuuza maharage, na mara nyingi alikuwa Murongo au njiani. Mama yake alikuwa Muleba akimuuguza bibi. Kwa sababu hiyo Noela aliletwa kuishi kwa baba yake mdogo, mzee Nolasco, ambaye ndiye baba yake Kemilembe.

Kila siku wakitoka shuleni walivua sare, wakachota maji, wakaenda kugeuza kahawa iliyoanikwa uani. Kazi zikiisha, waliingia sebuleni kumtazama mama akiandika kwenye kompyuta. Mama, jina lake Renatha, alikuwa mwalimu wa darasa la pili, naye alikuwa akijiendeleza kimasomo akiwa nyumbani. Mwishoni mwa mwezi alitakiwa kupeleka chuoni ripoti yake ya utafiti. Iliwahusu watoto wanaozungumza Kinyambo nyumbani, na jinsi wanavyojifunza kusoma Kiswahili shuleni. Bila ripoti hiyo asingehitimu mwaka huo.

Jumatano moja Noela alirudi na flashi aliyoazimwa na mwalimu wa kwaya ya watoto.

"Mama mdogo, naomba nisikilize wimbo wa Jumapili mara moja tu," alisema.

"Sikiliza, mwanangu, kisha unipishe," mama alijibu.

Noela aliusikiliza wimbo, akachomoa flashi, akampisha. Mama akaanza kuandika. Alikuwa amezama kwenye kazi yake wakati skrini nzima ilipogeuka buluu, ikajaa maandishi meupe, kisha kompyuta ikazima na kujiwasha yenyewe.

"Mawe!" mama alipiga kelele kwa Kinyambo, kama anayemwita mama yake. "Kurasa zangu! Sikuwa nimezihifadhi!"

Kemilembe aliruka kutoka kwenye kiti. "Ni flashi ya Noela! Imeleta virusi! Si mmeona? Ameitoa tu, na mashine ikafa!"

Alisema kwa sauti kubwa na kwa uhakika, kiasi kwamba mzee Nolasco, aliyekuwa nje akinoa panga, alisikia kila neno. Aliingia, akamtazama Noela, akauliza, "Ni wewe?"

Noela alifungua kinywa, akakifunga. Mzee Nolasco alikuwa mtu mwema lakini mwepesi wa hasira, na kompyuta ile aliinunua kwa kahawa ya msimu mzima. Kimya cha Noela alikichukua kuwa jibu.

Kesho yake kompyuta ilizima tena, na keshokutwa pia. Mama alianza kuandika huku akihifadhi kila sentensi, mabega yamempanda mpaka masikioni. Mwishowe mzee Nolasco aliifunga mashine kwenye blanketi, akapanda nayo bodaboda hadi kwa fundi mjini Kayanga. Fundi aliambiwa kuwa ina virusi. Naye akafanya kama alivyoambiwa: alifuta kila kitu, akaweka programu zote upya, au kupiga windo, kama mafundi wanavyosema. Bahati njema, mama alikuwa na nakala ya ripoti kwenye simu yake.

Kompyuta ilirudi nyumbani ikiwa nyepesi kama mpya. Jioni ya siku ya pili, mama akiwa amefungua ripoti, picha za wanafunzi na mtandao, buluu ikarudi.

Mzee Nolasco hakupiga kelele safari hii. Alitoka uani, akampigia simu kaka yake. Kemilembe alikuwa kwenye kahawa, hatua chache tu kutoka kwake, akasikia yote.

"Kaka, shikamoo. Naona mtoto umchukue. Ndiyo. Ameharibu kompyuta ya mama yake mdogo, sasa imekufa ndani kwa ndani. Sawa, Jumapili baada ya ibada."

Kemilembe aliiacha kahawa ikiwa imegeuzwa nusu. Akaenda chumbani. Noela alikuwa tayari anakunja nguo zake kitandani, moja baada ya nyingine, kama alivyofanya kila kitu.

"Umesikia?" Kemilembe aliuliza.

"Nimesikia."

"Kwa nini husemi kitu? Kwa nini hujitetei?"

Noela aliweka sketi juu ya rundo. "Nitasema nini? Mimi sijui kama ni flashi au si flashi. Wewe ulijuaje?"

Kemilembe alitoka, akarudi, akatoka tena. Alizunguka migomba nyuma ya nyumba mpaka mbwa akachoka kumfuata. Wewe ulijuaje? Alikuwa ameona flashi ikichomolewa, kisha ameona skrini ikigeuka. Ni hayo tu. Halafu wazo jingine likamwingia likakataa kutoka: fundi alifuta kila kitu. Kama virusi vilikuwemo, sasa vimejificha wapi? Na tangu mashine irudi, hakuna mtu aliyechomeka flashi yoyote.

Alikimbia hadi jikoni.

"Mama, mpigie shangazi Vero! Tafadhali, mama, mpigie sasa hivi!"

Shangazi Vero alikuwa mdogo wake mzee Nolasco, na alishughulikia kompyuta katika ofisi moja mjini Kayanga. Mama alimtazama binti yake, akaona machozi yanamlenga, akachukua simu bila kuuliza zaidi.

Vero alifika Jumamosi asubuhi na mkoba mdogo begani. Wasichana walimwamkia, "Shikamoo, shangazi," naye akaitikia huku macho yake yakiwa tayari kwenye kasha la kompyuta chini ya meza. Mzee Nolasco alikuwa ametangulia shambani.

"Haya," Vero alisema akivuta kiti. "Nielezeni. Nini kinatokea?"

"Ina ugonjwa ndani, shangazi," Kemilembe alianza mbio mbio. "Labda virusi, labda imeungua, labda umeme—"

"Ngoja. Sijakuuliza sababu. Nimekuuliza mmeona nini."

Kwa mara ya kwanza Kemilembe aligundua kuwa hayo ni maswali mawili. Noela, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu polepole.

"Skrini inakuwa ya buluu, kisha inazima na kujiwasha. Mama mdogo akiandika tu, inaweza kukaa muda mrefu. Akifungua picha nyingi na mtandao pamoja, haichukui muda, inazima."

Vero alimtazama kwa makini. "Hilo ni jambo kubwa umeniambia. Njoo, kaa hapa karibu."

Alieleza kuwa kompyuta iliyofutwa na kuwekwa programu upya, kisha ikazima vilevile, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo kwenye vifaa vyenyewe, si kwenye programu. Huenda ni umeme usiotulia, huenda ni joto, huenda kuna kifaa kimechoka. "Tutachunguza kimoja kimoja," alisema.

"Tufungue tubadilishe vyote!" Kemilembe alisema. "Baba mkubwa anakuja kesho!"

"Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na mashine ikapona, utajuaje ni kipi kilichoiponya?"

Kemilembe alikunja mikono. Kila dakika iliyopita ilimwuma.

Walianza na umeme. Kompyuta ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni pamoja na chaja za simu na redio. Vero aliichomeka peke yake ukutani kwa waya mwingine aliokuja nao, akafungua picha nyingi na video kwa pamoja ili kuichosha. Wakakaa wakiitazama. Kemilembe alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Taa ya sebuleni iliwaka bila kupepesa. Skrini ikageuka buluu.

"Umeme wa ukutani uko salama, na waya si tatizo," Vero alisema, kana kwamba amepata habari njema. "Tuendelee."

Alizima mashine, akachomoa waya, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Akawaambia wote waguse kwanza chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu chochote ndani, ili umeme mdogo ulio mwilini usiviharibu vifaa. Kisha akafungua ubavu wake.

"Waitu!" mama alisema kwa mshangao. Vumbi jekundu la barabarani lilikuwa limelala ndani kama blanketi. Feni ilikuwa na ndevu za vumbi.

Vero aliwaonyesha kisanduku cha chuma kinachopokea umeme. "Hiki kinaitwa pawa saplai. Hatukifungui kamwe, hata kama waya umechomolewa. Kinaweza kumpiga mtu umeme." Sehemu nyingine Noela alizipangusa kwa brashi laini, na Kemilembe akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli huku Vero ameishikilia feni kwa kidole isizunguke.

Mzee Nolasco alirudi wakati huo, panga mkononi, buti zimejaa udongo. Aliona mashine imefunguka tumbo.

"Vero, nawe umekuja kuimalizia?"

"Karibu, kaka. Tunaitafutia ugonjwa."

"Ugonjwa unajulikana," alisema, akaenda kunawa.

Walifunga, wakawasha, wakafungua tena picha na video. Feni sasa ilizunguka bila kunguruma. Wakala ndizi na maharage mezani palepale, macho kwenye skrini. Video iliisha, wakaweka nyingine. Hakuna buluu. Kemilembe hakuweza kujizuia. Alimshika Noela mikono akamrusha rusha.

"Ilikuwa vumbi! Vumbi tu! Noela, hutaenda popote! Baba! Baba, njoo uone!"

Mzee Nolasco alikuja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yao. Ndipo skrini ikageuka buluu mbele ya macho yake.

Kemilembe aliachia mikono ya Noela.

"Mmeona wenyewe," mzee Nolasco alisema kwa sauti ya uchovu. "Kesho Byabato atakuja kama tulivyopatana." Akaondoka.

Noela aliinuka taratibu aende chumbani. Kemilembe alimfuata mpaka kwenye korido, akamshika mkono.

"Noela, mimi ndiye niliyesema ni flashi. Sikujua. Nilisema tu kwa sababu ilitangulia. Nisamehe."

"Ulisema kama mtu anayejua," Noela alijibu. "Ndiyo maana waliamini." Hakusema kuwa amemsamehe. Lakini aligeuka, akarudi sebuleni naye.

Huko nje wingu zito lilikuwa limeanza kupanda kutoka upande wa Bweranyange, na upepo ukazipiga kanga zilizoanikwa uani. Mvua ikinyesha, mara nyingi umeme ulikatika mpaka kesho yake. Kemilembe alitazama wingu, akatazama kompyuta, akatazama tena wingu.

"Shangazi, fanya haraka!"

"Nitafanya vizuri," Vero alijibu. "Mashine ilikuwa chafu, tumeisafisha, na hilo limesaidia. Lakini halikuwa tatizo lenyewe. Sasa tumebakiza vichache. Noela alituambia inazima ikibebeshwa mambo mengi. Kuna kifaa kinachoshikilia mambo yote mliyofungua kwa wakati mmoja. Kinaitwa RAM."

Alizima, akachomoa waya, wakagusa chuma. Ndani, vimesimama wima, kulikuwa na vijiti viwili vyembamba vya rangi ya kijani, kila kimoja kwenye mfereji wake. Kemilembe alinyoosha mikono yote miwili avichomoe pamoja. Vero alimwangalia tu. Kemilembe akarudisha mkono mmoja.

Wakatoa kijiti cha kushoto, wakakiweka juu ya karatasi. Wakawasha mashine na cha kulia peke yake. Picha, video, mtandao, vyote. Ilikwenda polepole kama mtu aliyebeba mzigo peke yake, lakini ilikwenda. Matone ya kwanza yaligonga bati. Vero aliiacha iendelee mpaka Kemilembe akahisi atapasuka. Buluu haikuja.

"Ni kile cha kushoto! Tumalize!"

"Bado hatujui," Noela alisema kwa sauti ndogo. Wote wakamgeukia. "Tumetoa kijiti, lakini na mfereji wa kushoto sasa uko mtupu. Huenda mbovu ni mfereji."

Vero alicheka kwa furaha. "Sikia huyo! Haya, tutaujuaje mfereji?"

Noela alifikiri. Kemilembe naye alifikiri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mguu wake ulitulia.

"Tuhamishe kijiti kizima kwenye mfereji wa kushoto," Kemilembe alisema. "Kikifanya kazi, mfereji hauna kosa."

Wakafanya hivyo. Mvua ilikuwa sasa inanyesha kweli, na taa ilipepesa, ikafifia, ikarudi. Kemilembe alikuwa amefumba macho. Mashine iliendelea kufanya kazi. Mwishowe Vero alikisugua kile kijiti cha kushoto kwenye meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, maana wakati mwingine uchafu tu ndio unaosumbua, akakichomeka peke yake kwenye mfereji wa kulia, ule ambamo kijiti kizima kilikuwa kimefanya kazi vizuri. Video haikufika hata katikati. Buluu.

"Nenda kamwite baba yako," Vero alimwambia Kemilembe.

Mzee Nolasco alikuja, akakaa. Safari hii Vero alimwonyesha yote mbele yake: kwa kijiti hiki, mashine inafanya kazi; kwa kile, inakufa; mfereji huu na mfereji ule, vyote vizima. Hakuharakisha.

"Kijiti hiki kimechoka chenyewe, kaka. Vifaa hivi huchoka, hasa kwenye mashine iliyokwisha kutumika kabla hujainunua. Flashi haiwezi kukiharibu namna hii, wala wimbo wa kwaya. Angekuwepo Noela au asingekuwepo, kingekufa. Mama Kemilembe anaweza kumaliza ripoti yake kwa kijiti kimoja kilichobaki. Itakuwa nzito kidogo, lakini haitamzimia."

Mvua ilipiga bati. Mzee Nolasco alikishika kile kijiti kibovu kiganjani, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa chepesi, hakina hata alama.

"Kwa hiyo mtoto hakufanya lolote," alisema.

"Hakufanya lolote."

Mzee Nolasco akaweka kijiti mezani na kumgeukia Noela.

"Noela, mwanangu, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kujua. Naomba unisamehe."

Mama aliacha kufuta meza. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto radhi namna hiyo. Noela aliangalia miguu yake. Walidhani atasema "haya" na yaishe. Lakini aliinua uso.

"Nimekusamehe, baba mdogo," alisema. "Naomba umwambie na baba hivyo hivyo. Yeye bado anadhani mimi ndiye niliyeharibu."

Mzee Nolasco alitikisa kichwa kukubali. Alitoa simu, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Kaka, shikamoo. Ni kuhusu Noela. Nilikuambia ameharibu kompyuta. Si kweli. Nilikosea mimi. Mtoto hana kosa, tena ametusaidia kuugundua ugonjwa. Namwomba abaki, kama wewe na yeye mnakubali."

Upande wa pili mzee Byabato akasema, "Mpe simu mwanangu." Noela aliichukua, akaenda nayo dirishani. Alisema "ndiyo, baba" mara kadhaa, akafuta macho kwa kiganja, akacheka kidogo.

Aliporudi, Kemilembe alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma. "Baba, mimi ndiye niliyeanza kusema ni Noela."

"Najua," mzee Nolasco alisema. "Na mimi mkubwa nikaamini bila kuuliza. Tumekosa sote wawili."

Shangazi Vero alikuwa akirudisha vifaa vyake mkobani. Aliacha, akawaita wasichana wote wawili karibu.

"Sikilizeni. Flashi ilichomolewa, kisha mashine ikazima. Hayo mliyaona, ni kweli. Lakini kitu kikitokea baada ya kingine, haimaanishi kimeletwa na kile. Ulipotaja virusi, Kemilembe, fundi alitafuta virusi, na ugonjwa wenyewe ukabaki umekaa. Mtu akilaumiwa kwa haraka, yeye anaumia na tatizo halitatuliwi. Kama hujui, sema bado sijui. Kisha tafuta, jambo moja moja, mpaka ujue. Inahitaji subira, na wewe subira inakuchosha, nimekuona. Lakini leo umeweza kurudisha mkono mmoja."

Kemilembe alicheka huku akiona aibu.

"Na wewe, Noela," Vero aliendelea, "unaona vizuri kuliko watu wengi ninaofanya nao kazi. Usikinyamazie unachokiona. Sema."

Mama alivuta kiti chake mezani na kufungua ripoti. Ilichukua muda kufunguka. Alisubiri. Maneno yalipotokea, aliweka vidole kwenye kibodi na kuanza kuandika, na baada ya muda mabega yake yalishuka. Nje mvua ilikuwa ikiendelea, na umeme haukuwa umekatika. Noela aliingia chumbani. Kemilembe alimfuata, wakakaa kitandani pamoja, wakaanza kuzitoa nguo za Noela begini na kuzirudisha kabatini, moja baada ya nyingine.